Je, mtengeneza programu alipe hasara ya mteja wake?

Kijana wa Kampemba: Ndugu zangu wa Lubumbashi, sisi ni vijana wawili tuliotengeneza programu ya simu ambayo wenye maduka huandikia bidhaa na madeni. Mwezi uliopita mtu aliingia katika daftari la mteja wetu na kufuta madeni yote, kwa kuwa tuliweka neno la siri moja kwa maduka yote tukitegemea kila mteja alibadilishe. Mama huyo anadai tumlipe, ilhali mkataba wetu unasema programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Ninamhurumia kwa dhati, lakini tukilipia kila kosa, kijana gani mwenye mtaji mdogo atathubutu kubuni?

Mhandisi wa Golf: Mdogo wangu, kosa ambalo hakuna aliyelijua silo sawa na mlango uliojulikana kuwa wazi. Marekebisho ya kuziba tundu la Apache Struts, programu ya bure ya kujengea tovuti, yalitolewa Machi 2017. Kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza taarifa za mikopo ya watu, haikuyaweka, wavamizi wakapitia hapohapo kuanzia Mei, na habari za watu wapatao milioni 147 zikaibwa. Hapo hapakuwa na ubunifu wa kulindwa, bali matengenezo yaliyoachwa. Neno lenu la siri liko upande huo. Tangu 29 Aprili 2024, Uingereza hairuhusu vifaa vya nyumbani vya intaneti kuuzwa na neno la siri moja kwa vyote. Sheria hiyo ni ya vifaa, lakini kosa ni lilelile, na kulizuia kungewagharimu mistari michache tu ya msimbo.

Mama wa duka, Katuba: Wanangu, mkitoa sasisho zito ninaliahirisha, kwa sababu mega za intaneti zinanunuliwa, kisha mnasema mteja amezembea. Lifanyeni jepesi. Daftari likiguswa, niambieni siku hiyohiyo, na mniwekee nakala ya jana.

Kijana wa Kampemba: Asante, Papa; asante, Mama. Tutamlipa kwa awamu madeni anayoweza kuyathibitisha kwa daftari lake la karatasi. Je, udhaifu ukiwa katika maktaba ya bure, yaani msimbo ulioandikwa tayari, tuliyoichukua kwa wengine?

Mhandisi wa Golf: Mbele ya mteja mtaubeba ninyi, kwani ninyi ndio mliopokea fedha yake, waliojitolea kuiandika hawakumuuzia kitu. Anzeni leo kuorodhesha kila maktaba mliyotumia pamoja na toleo lake.