Fundi kanijazia mapovu na karatasi la silva kwenye banda la gari, vifaranga 131 wamekufa. Nataka hela yangu!

Wakuu salaam.

Huwa napita humu kusoma tu, sina kawaida ya kufungua uzi. Leo nimeshindwa kunyamaza. Ni saa kumi na moja alfajiri, nipo Isevya, Tabora, nimekaa kwenye kigoda mlangoni pa banda la gari la hapa nyumbani, na miguuni pangu kuna ndoo yenye vifaranga wanne waliokufa usiku huu. Ukijumlisha na wa tangu Alhamisi wanafika 131. Nilileta 300.

Na nimelipa shilingi 680,000 ili banda hili lisiingie baridi. Laki sita na themanini elfu! Vifaa 490,000, ufundi 190,000, zote taslimu, nimehesabu mbele yake.

Kabla mtu wa Dar hajauliza baridi gani Tabora, huku tupo juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kipupwe kikishaingia, Juni mpaka Agosti, mchana jua linachoma lakini usiku anga linakuwa safi halina wingu hata moja, na joto lote la mchana linajiondokea kwenda juu. Alfajiri unakuta nyuzi 15, siku nyingine pungufu. Mtu mzima unajifunika blanketi yanaisha. Kifaranga wa siku moja anataka nyuzi 32 mpaka 35 wiki yake ya kwanza, ndipo uanze kupunguza kama nyuzi tatu kila wiki. Manyoya yake bado ni malaika, hawezi kujitengenezea joto la kumtosha. Hiyo tofauti ya nyuzi karibu 20 ndiyo niliyomlipa fundi anisaidie kuiziba.

Banda lenyewe ni la bloku za nchi sita, bati geji 30, halina dari, sakafu ya saruji, mlango wa chuma wa mabawa mawili. Gari tuliliuza mwaka jana, nikaona banda lisikae bure, nifugie kuku chotara. Nikaelekezwa kwa fundi anayesifika hapa mjini kwa kupiga dari na kuzuia joto kwenye maduka. Jina lake silitaji humu. Nitalitaja ofisi ya mtaa.

Akaja na futi yake, akapima, akagongagonga ukuta, akaniambia, "Mama, nikimaliza hapa wewe mwenyewe utalala humu bila blanketi." Nikamuuliza na mlango je? Maana mlango ule chini una mwanya unapitisha vidole vitatu, ukilala sakafuni unaona miguu ya wapita njia. Akanijibu, "Mlango hauna shida mama, baridi inashuka kutoka juu." Nikamwamini. Mimi si fundi, yeye ndiye fundi, ndiyo maana nilimlipa.

Sasa sikilizeni alichofanya. Juu alichukua lile karatasi la silva, akaligongomea moja kwa moja kwenye bati, limebana, huwezi kupitisha hata kisu. Ukutani akabandika yale mapovu meupe magumu, ya aina inayofungiwa televisheni ndani ya boksi, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua. Hakuyafunika na chochote. Akafagia, akaondoka. Siku mbili tu kazi imeisha.

Vifaranga walifika Alhamisi jioni kwa basi, maboksi matatu ya mia mia, wanalia wazima kabisa. Nikawasha balbu za joto tatu, nikatandaza maranda, nikatundika kipimajoto usawa wa migongo yao. Mpaka saa mbili usiku kilikuwa 30, nikajipa moyo. Saa sita, 24. Saa tisa, 21, na balbu zinawaka zote na yuniti zinakwenda kama maji.

Kama hujawahi kufuga huwezi kujua sauti ile. Kifaranga akiwa na joto anazungumza taratibu, huku na huku. Akipata baridi wote wanapiga kelele moja, kali, haipumziki. Halafu wanaanza kurundikana. Unawatawanya kwa mikono, ukigeuka upande wa pili wameshapanda tena juu ya wenzao, kila mmoja anatafuta joto la mwenzake. Unaingiza mkono chini ya lundo unamtoa wa chini kabisa, amekuwa bapa, amelowa, bado ana uvuguvugu lakini shingo imelegea. Nilikaa pale na mtoto wa dada yangu mpaka kunakucha tunatoa mmoja mmoja. Walikuwa 64. Na juu yetu lile karatasi la silva lilikuwa linadondosha maji, kwa sababu mvuke wa pumzi zao na wa maji ya kunywa ulipanda ukakutana na ubaridi wa bati. Matone yanawadondokea migongoni. Kifaranga aliyelowa kwenye baridi hamalizi saa.

Asubuhi nikampigia fundi. Akaja saa nne, akaangalia, akasema tatizo ni hewa inapita kwenye matofali ya matundu kule juu ya ukuta. Akachukua vipande vya povu vilivyobaki, akaziba matundu yote. Akaziba na mwanya wa mlango kwa matambara. Halafu akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Usiku weka majiko mawili ya mkaa humo ndani mama, funga mlango, joto litakaa."

Wakuu, hapo ndipo hasira yangu ilipo kuliko hata hao vifaranga.

Ijumaa usiku tukafanya kama alivyosema. Kijana wangu, huyo mtoto wa dada, akasema atalinda yeye, mimi nikapumzike. Saa nane nikasikia mlango unagongwa kwa nguvu isiyo na nguvu. Nafungua, yuko chini kwenye kizingiti, anatapika. "Mama mdogo, kichwa kinanipasuka, miguu haishiki." Nikadhani malaria. Jirani yangu mmoja, mzee, alitoka kwa kelele zangu, akachungulia bandani, akaona majiko, akapiga yowe, "Mtoeni uani! Fungueni kila kitu!" Tukamkimbiza hospitali kwa bodaboda, akawekewa oksijeni. Daktari alituambia ni hewa ya mkaa, kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, mkaa unapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha unaitoa kwa wingi, na ikiingia mwilini inang'ang'ania damu na kuizuia isibebe oksijeni. Unaumwa kichwa, unalegea, unasinzia, na ukisinzia humo humo ndiyo basi.

Kijana ana miaka 19. Angesinzia kwenye kile kiti ningemwambia nini dada yangu? Ningemwambia fundi ndiye aliyeniambia nifunge?

Yeyote mwenye banda la gari lililozibwa vizuri, jiko la mkaa lisiingie humo, wala gari lisiwashwe humo mlango ukiwa umefungwa. Injini nayo inatoa hewa hiyo hiyo.

Usiku ule tulipofungua kila kitu baridi ikaingia yote. Wakafa 52. Wengine 15 wamekufa kidogo kidogo mpaka leo, hata banda lilipopata joto, na hao ndio walionichanganya kwanza. Wananenepa tumbo, hawali, wanasimama wamefumba macho. Jumapili nilimpasua mmoja. Firigisi imejaa chembe nyeupe, kama semolina lakini nyepesi, ukizipuliza zinaruka. Povu! Wameudonoa ukuta. Nenda uone, kuzunguka banda lote usawa wa midomo yao kuna mashimo mashimo kama yametobolewa na mchwa. Kuku hudonoa povu, anayefuga anajua, na nilimwambia kazi hii ni ya kuku!

Tangu hapo sijalala, nimesoma na kuuliza watu, na nikielewa zaidi ndivyo hasira inavyopanda. Lile karatasi la silva si baya. Kazi yake ni kurudisha mionzi ya joto, lakini lazima liwe na nafasi ya hewa kati yake na kitu kingine, angalau sentimita mbili. Ukilibana kwenye bati linakuwa bati. Likipoa bati, nalo limepoa. Angepiga mbao kwanza akalishusha chini kidogo, lingefanya kazi. Povu nalo ni zuri, ndani yake kuna hewa iliyofungiwa isiyotembea, na hiyo hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto kupita. Lakini haliachwi wazi. Huko Marekani na Kanada, ambako banda la gari la nyumbani linazungukwa na theluji, wakiweka povu ndani wanalifunika kwa jipsamu, kwa sababu likishika moto linayeyuka, linadondosha matone yanayowaka na kutoa moshi mzito. Yeye ameniachia wazi, halafu akaniambia niweke majiko mawili pembeni yake. Naliangalia hilo povu sasa hivi na mwili unanisisimka.

Na la mlango ndilo linaniuma zaidi, kwa sababu niliuliza! Hewa ya moto hupanda, inatokea juu kwenye matundu, na inapotoka inavuta ya baridi iingie chini. Kwenye mlango. Kwenye ule mwanya wa vidole vitatu, usawa ule ule wa kifaranga. Ungeanza na mwanya wa mlango, kazi ya shilingi elfu kumi, ndipo uende juu. Fundi asiyejua joto linatokea wapi anapataje ujasiri wa kupokea 680,000?

Huyo mzee jirani ndiye aliyeniokoa. Jumamosi asubuhi alikuja na fimbo yake, "Mwangaluka mwanangu," akazunguka banda lote kimya. Utotoni alisaidiana na baba yake kujenga matembe. Akaniambia tembe lina ukuta mnene wa udongo na juu udongo vilevile, linakunywa jua mchana kutwa na kulitema taratibu usiku, ndiyo maana wazee hawakuhangaika na kipupwe. Aliyefika pale Kwihara, kwenye lile tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, akaweka kiganja ukutani, anajua mzee anasema nini. Bloku ya nchi sita na bati geji 30 havishiki joto. Kwa hiyo, akasema, usihangaike kupasha banda zima, wapashie mahali walipo.

Tukaukata mpira wa ndani wa tairi la lori, tukaugongomea chini ya mlango uburuze sakafu. Mlango wenyewe tukautundikia magunia mawili mawili kwa ndani. Matundu ya juu tukayazibua, yote, hewa chafu itoke. Sakafuni tukamwaga pumba za mpunga unene wa kiganja kizima na maranda juu yake, maana saruji tupu inanyonya joto miguuni mwa kifaranga. Tukazungusha maboksi kuwatenga na povu, na juu yao, usawa wa kiuno, tukatandaza turubai kama dari, pembeni tumeacha wazi. Balbu zile zile tatu zikaingia chini ya turubai, juu sana ya maranda, zimefungwa kwa waya wa chuma zisidondoke. Gharama yote 38,000. Usiku wa Jumamosi saa tisa kipimajoto kilisoma 32. Walikuwa wametawanyika, wamelala mmoja mmoja. Nililia.

Elfu thelathini na nane!

MREJESHO, saa mbili asubuhi: Waliouliza, ndiyo, nimeongea naye tena. Anasema kazi yake ilikuwa kufunga vifaa, na baridi ya mwaka huu ni ya Mungu. Baridi ni ya Mungu, sikatai. Kuziba matundu na kuniambia nimfungie mtoto wa dada yangu na mkaa ni kwake yeye. Kijana ameruhusiwa, bado analalamika kichwa, nampeleka tena kesho.

Anayesema nimsamehe kwa kuwa ana familia, hata mimi ninayo, na nusura ipungue. Nataka 680,000 yangu yote, na aje abandue mapovu yake kwa mikono yake. Fidia ya vifaranga, 131 kwa 1,800 kila mmoja, tutaongea mbele ya mwenyekiti. Pia nataka aache kupokea kazi za namna hii, kwa sababu nasikia wiki ijayo ana banda jingine la kuku huko Ipuli. Kama ni wewe unayesoma, mama au baba wa Ipuli, mzuie kabla hajagongomea karatasi la kwanza, na muulize mlango ataufanyaje.

Mwenyekiti wa mtaa ameshamwandikia barua ya wito. Jumamosi saa tatu asubuhi. Naenda na stakabadhi za dukani, naenda na cheti cha hospitali, na zile chembe nyeupe nilizozitoa kwenye firigisi nimezitia kwenye boksi la kibiriti, nitazimwaga mezani mbele yake.