Usaili wa fundi elektroniki: kwenye zoezi la mezani wanaangalia nini?

Omu_Moja: Wakuu, nimeitwa usaili wa fundi wa kupima na kutengeneza bodi. Kuna maswali ya nadharia, halafu zoezi la mezani: bodi isiyowaka, mita, osiloskopu na pawa saplai. Nadharia sina hofu nayo. Hilo zoezi wanaangalia nini? Nisipopata tatizo ndiyo nimekwisha?

FundiVolti: Hapana. Wengi huangushwa na mpangilio, si na tatizo lenyewe. Kabla ya kuwasha, kagua kwa macho na lenzi: kapasita iliyovimba, alama ya moto, lehemu iliyounganisha miguu miwili ya IC (chipu), dayodi iliyogeuzwa. Kisha pima ukinzani kati ya kila laini ya umeme na graundi. Hapa kuna mtego: laini ya 3.3 V ikisoma nusu omu, hiyo ni shoti karibu kwa hakika. Lakini laini ya 1 V inayolisha prosesa kubwa inaweza kusoma omu chache tu na ikawa nzima. Ukikimbilia kusema "shoti" hapo, msaili atakuuliza maswali mpaka utoke jasho.

Ndipo uwashe, tena kwa kikomo cha mkondo. Kama bodi hula mA 150, weka 200. Volteji ya saplai ikishuka na taa ya kikomo ikawaka, zima, usiongeze. Ikikaa sawa, fuata umeme unakoingia: fyuzi, regyuleta, laini moja moja, kisha pini ya riseti (inayoanzisha prosesa upya), kisha kristali (inayotoa mapigo ya saa ya prosesa). Na kabla hujagusisha probu, tamka unategemea kusoma nini. Mtu anayepima bila kujua anachokitarajia anabahatisha tu, na hilo huonekana mara moja.

Bati63: Naongezea usalama, maana hapo hakuna msamaha. Angalia waya mwekundu wa mita umechomekwa wapi. Ukiwa kwenye tundu la 10 A halafu upime volteji, umepiga shoti mwenyewe. Wapo wanaouacha hapo makusudi.

Kama ni pawa saplai ya 230 V, kapasita kubwa ya upande wa umeme mkali hubeba takriban 325 V DC hata baada ya kuchomoa. Itoe chaji kwa rezista, mfano kiloomu 2.2 ya wati 10, kisha thibitisha kwa mita. Bisibisi hapana. Klipu ya graundi ya osiloskopu nayo usiibane upande huo: imeungana na ethi ya ukutani, utalipua kitu. Sema unahitaji transfoma ya kutenganisha au probu ya difarensho (inayopima tofauti kati ya nukta mbili bila kutegemea ethi).

Omu_Moja: Asanteni. Kristali naipima kwa probu ya x1 au ya x10 (inayogawa mawimbi kwa kumi)?

FundiVolti: x10, mkuu. Probu ya x1 huongeza kapasitansi ya takriban pF 100 kwenye saketi, wakati kapasita za kristali mara nyingi ni pF 12 hadi 22. Unaweza kuizimisha kwa kuipima tu, kisha ukailaumu bure.

Mkia_wa_Dayodi: Nadharia usiidharau, huwa inakuja kwa sura ya swali rahisi. Rezista mbili za kiloomu 10 kwenye 12 V zinatoa 6 V katikati. Ukiunganisha mzigo wa kiloomu 10? Ni 4 V, na wengi hujibu 6. Swali lingine: kapasita ya maji (ya elektroliti) inasoma µF sawasawa lakini mashine inazima yenyewe. Pima ESR (ukinzani wa ndani wa kapasita); ikipanda, mawimbi kwenye laini yanaongezeka hata kama uwezo wake haujashuka.

Wakikupa kulehemu, uliza ni lehemu gani. Yenye risasi, 63/37 (bati 63%, risasi 37%), huyeyuka 183 °C. SAC305 isiyo na risasi huyeyuka 217 hadi 220. Pini iliyounganishwa na shaba pana ya graundi hunyonya joto, na ndipo kiungo baridi (lehemu isiyoshika vizuri) hutokea. Tumia ncha pana na flaksi, au ipashe bodi joto kwa chini, kuliko kupandisha pasi hadi 450: utang'oa shaba kwenye bodi.