Naomba ushauri: skrini nyeusi kwenye beta ya desktopu ya Linux

Habari zenu wakuu. Niko Ngamiani, Tanga, najaribu beta (toleo la majaribio) ya desktopu mpya ya Linux kwenye laptopu kuukuu, ramu GB 4 (kazi za watu haziko humo, msihofu). Nikiingia kwa Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha picha kwenye skrini), nikaifunika laptopu na kuifunua, skrini inabaki nyeusi. Kishale cha mausi tu ndicho kinachotembea. Kwa X11, mfumo wa zamani wa kazi hiyo hiyo, haisumbui. Nimesasisha kila kitu, nimefungua akaunti mpya, wapi! Ctrl+Alt+F3 inanipa skrini ya amri, kwa hiyo mashine haijafa. Nikiwasha upya, amri ya journalctl -b -1 (logi, yaani kumbukumbu za mfumo, za uwashaji uliopita) inamwaga mistari mpaka macho yanauma.

Niwatumie watengenezaji sehemu gani ya hiyo logi? Na kabla ya kuripoti, nijaribu kwanza kwa kerneli (kiini cha mfumo) nyingine?