Naomba ushauri: nukta za upande wa kulia kwenye grafu ya Ramachandran, nizifute?

BintiMbarara
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari. Nasoma shahada ya pili hapa Mbarara, na mradi wangu unahusu selimundu. Nimepakua himoglobini ya kawaida ya binadamu (faili 4HHB kwenye PDB, hifadhi ya miundo ya protini), nikapata pembe za fai na sai, yaani jinsi mnyororo mkuu wa protini unavyopinda kwenye kila asidi amino, kwa Biopython, nikachora grafu ya Ramachandran (fai mlalo, sai wima) kwa Matplotlib, zote zana za Python. Nukta nyingi zimerundikana kushoto, karibu na fai -60 na sai -45. Ila chache ziko kulia, ambako fai ni chanya, na msimamizi ataona mchoro Ijumaa. Nizifute? Halafu, nikichora 2HBS, ile ya selimundu, tofauti itaonekana kwenye asidi amino ya 6 ya mnyororo wa beta?

Mtafiti_Gulu
Dada, usifute hata moja. Rundo lako la kushoto ni msokoto wa alfa, na sehemu kubwa ya himoglobini ni misokoto hiyo. Ramachandran na wenzake kule Madras walionyesha mwaka 1963 kwamba pembe nyingi haziwezekani kwa sababu atomi zingegongana. Kati ya asidi amino, glisini ndiyo yenye uhuru zaidi, maana tawi lake la pembeni ni hidrojeni tu, kwa hiyo hufika kulia bila shida. Asparajini nayo huonekana huko mara kwa mara. Andika jina la asidi kando ya kila nukta ya kulia kabla hujaihukumu. Kisha tenga glisini na prolini kwenye grafu zao. Prolini imefungwa na pete yake, fai yake haiendi mbali na -65. Ukikuta valini au isolusini kule kulia, hapo ndipo uende ukatazame muundo wenyewe, maana huenda sehemu hiyo ilijengwa vibaya.

Kijana_wa_Jinja
Nyongeza ndogo. Biopython hutoa radiani, kwa hiyo geuza ziwe digrii. Asidi ya kwanza ya mnyororo haina fai na ya mwisho haina sai, ziruke. Na kingo za grafu hukutana: sai ya 175 na ya -175 ni majirani.

Mwalimu_Kampala
Mwanangu, hilo la pili ndilo zito. Fai na sai hueleza uti wa mgongo wa protini tu, yaani ule mnyororo mkuu bila matawi. Katika selimundu, glutamati ya 6 imekuwa valini, yaani kilichobadilika ni tawi la pembeni, na uti wa mgongo pale unabaki karibu vilevile. Ukitegemea grafu hii utaambiwa protini ni nzima, na kweli mkunjo wake ni mzima. Madhara yako juu ya uso: valini haipendi maji, na himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo hujipachika kwenye mfuko wa molekuli jirani, penye fenilalanini 85 na lusini 88. Ndivyo nyuzi za himoglobini za selimundu zinavyoanza.

BintiMbarara
Ahsante sana mwalimu, ahsanteni nyote. Basi grafu naiweka kuthibitisha ubora wa muundo, na selimundu naionyesha kwa picha ya uso kwenye ChimeraX, programu ya kuchora molekuli. Nibakize molekuli moja ili picha isijae?

Mwalimu_Kampala
Hapana. 2HBS ina himoglobini mbili nzima, minyororo minane. Acha zote mbili, kwa sababu mgusano unaoutafuta uko katikati yao. Paka valini 6 rangi moja na ule mfuko rangi nyingine, kisha sogeza picha karibu.