Winchi ya trekta: nibaki na waya, niweke Dyneema, au nailoni?

Mvuta_Magogo: Wakuu, salama? Niko Mufindi, navuta magogo ya paini kwa trekta yenye winchi ya tani 4. Waya wangu wa milimita 12 umeanza kukatika nyuzi, vijana wanachomwa viganja kila siku. Nimeshauriwa niweke kamba ya Dyneema, ile ya nyuzi za plastiki imara sana, ila bei yake inatisha. Nailoni nene nayo ipo madukani kwa bei poa. Wenye uzoefu nisaidieni.

FundiWinchi: Nailoni iondoe kabisa kwenye hesabu. Inavutika robo ya urefu wake au zaidi kabla ya kukatika. Sifa hiyo inafaa kukwamua Fuso kwenye tope kwa kushtua, maana kamba inameza mshtuko. Kwenye winchi ni hatari tupu: ikikatika inarudi na shakeli (pingu ya chuma) iliyofungwa mwishoni, na shakeli ikiruka hivyo haina cha kioo wala kichwa. Ikilowa pia inapungua nguvu.

Dyneema inavutika asilimia 3 au 4 tu. Mita 50 za waya kama wako ni karibu kilo 30. Dyneema ya unene uleule ni kama kilo 4, na inabeba zaidi. Kijana mmoja anapanda nayo mlimani akipiga mluzi.

Mzee_wa_Tope: Fundi, hizo ni sifa za dukani. Huko magogo yanaburuzwa juu ya visiki na mawe. Waya unavumilia, kamba inalika. Tena inayeyuka kwenye nyuzi joto 150 hivi, na nguvu inaanza kushuka mapema zaidi. Winchi za umeme za magari nyingi breki iko ndani ya ngoma inayozungushiwa kamba, ukishusha mzigo ngoma inachemka kama sufuria.

FundiWinchi: Kwa gari, sawa. Winchi ya trekta kwa kawaida breki iko pembeni, ila aikague ya kwake. Kuhusu kulika nakubali mzee, ndiyo maana kamba haifungwi kwenye gogo. Gogo linafungwa mnyororo, kamba inashika mnyororo, na mita za mbele zinavishwa ala, yaani mfuko wa kuikinga.

Baharia_Tanga: Ukinunua, usiipige fundo. Fundo linakula nusu ya nguvu au zaidi, na Dyneema inateleza, fundo linaweza kujifungua lenyewe. Tengeneza jicho, yaani kitanzi cha mwishoni, kwa kuunga. Kamba ya mafungu 12 iliyosukwa ina uwazi katikati, mkia (ncha ya kamba) unazamishwa humo. Urefu wa kuzamisha ni unene mara 72, kwa hiyo yako ni sentimita 86 au 87. Usipunje! Sehemu ya mwisho ya mkia ichongoe kwa kukata mafungu kidogokidogo kwa kupishana. Ukiacha kisiki butu ndani, kamba itakatikia hapohapo. Kinachoshika ni mbano wa kamba ikivutwa, sasa ikilegea mkia unaweza kuchomoka, hivyo shona kwa uzi imara. Jicho jipya lipe mzigo mdogo kwanza.

Dada_Mbao: Hilo la kuunga ndilo linalopunguza ukali wa bei. Ikikatika porini mnaiunga, kazi inaendelea. Ila ioshwe, mchanga ukiingia kati ya nyuzi unaisaga toka ndani. Na mjihadhari na feki: nailoni na poliesta zinazama majini, Dyneema inaelea, lakini polipropilini nayo inaelea! Daini karatasi ya kiwanda yenye nguvu ya kukatika.

Mzee_wa_Tope: Mimi nabaki na waya wangu na glavu za ngozi.

Mvuta_Magogo: Nachukua mita 50, na mnyororo mbele. Mdomo wa winchi, pale kamba inapotokea, una makovu ya waya, nibadilishe?

FundiWinchi: Kama hayajaingia ndani sana, saga kwa tupa, malizia na msasa. Kisha pitisha soksi kuukuu kila kona, na ngoma usiisahau. Soksi ikinasa popote, bado hujamaliza.