Ushauri: Mhusika wa gemu yangu anageuka jitu akifika mwisho wa kichochoro

brashi_namba6:
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza gemu ya visa, zile za kubofya mahali na mhusika anatembea kwenda hapo. Kisa kinatokea Mji Mkongwe, Unguja. Mandhari zote nazichora kwa mkono, rangi ya guashi (rangi ya maji iliyo nzito) kwenye karatasi ya A3, kisha naskani na kuingiza kwenye Adventure Game Studio, programu ya kutengenezea gemu za aina hii. Kuhamia kwenye kuchora kwa kompyuta sitaki. Chokaa iliyobambuka na kuta zilizokula unyevu huku chini, brashi inanipa vile ninavyovitaka.

Shida ni kichochoro. Kikiwa picha tupu kila mtu anakisifia. Nikimsimamisha mhusika mbele, yuko sawa. Akianza kwenda ndani anageuka jitu, kichwa kinapita juu ya milango. Nikimpunguza kwa kukisia, katikati ya safari anaonekana anaelea. Halafu sakafu ni nyembamba, hana pa kutembea. Nilifuata picha niliyopiga kwa simu nikiwa nimesimama njiani. Skrini ni pikseli 640 kwa 360. Nina mandhari nyingine nyingi mbele yangu, nataka nielewe kwanza ndipo niendelee.

penseliHB:
Hongera kwa kazi mkuu. Mstari wa macho umepita wapi? Nina maana ule usawa wa macho ya mtazamaji, ambako mistari ya kuta na madirisha inakwenda kukutana.

brashi_namba6:
Pikseli ya 225 hivi kutoka juu. Mhusika akiwa mbele, unapita karibu na macho yake.

penseliHB:
Basi ndiyo hapo. Ulipiga picha umesimama, kwa hiyo mstari umekaa usawa wa macho yako. Kwenye ardhi tambarare, kila mtu wa kimo chako, awe karibu au mbali, macho yake yatagusa mstari huo huo. Kinachopanda ni nyayo tu. Ndiyo maana sakafu imebanwa. Kwa gemu ya aina hii mtazamaji apandishwe juu kidogo ili sakafu ifunguke.

Tuseme mstari unaupeleka pikseli ya 120. Mhusika wa mbele nyayo zake ziko 340 na kimo chake ni pikseli 120. Kutoka mstari hadi nyayo ni 220. Akifika 230, umbali huo umebaki 110, yaani nusu, kwa hiyo naye awe nusu: pikseli 60. Akifika 175 umebaki 55, ambayo ni robo: pikseli 30. Kimo kinafuata umbali wa nyayo kutoka mstari wa macho, basi, hakuna cha kukisia. Kwenye eneo lake la kutembea andika ukubwa wa asilimia 100 chini kabisa (340) na 25 juu kabisa (175). Programu yenyewe itagawa katikati kwa ulinganifu, na sakafu tambarare inataka hivyo hivyo.

Hesabu hiyo inakuambia pia mtazamaji yuko juu kiasi gani. 220 ukigawa kwa 120 ni kama 1.8, yaani karibu mara mbili ya kimo cha mhusika. Akiwa na mita 1.7, macho yetu yako mita 3 na kidogo kutoka chini. Dari, vibaraza vya juu, kamba za nguo, vyote vichorwe kwa macho hayo.

kizingiti:
Assalaam alaykum. Mie mtu wa Unguja, naomba niseme la vichochoro vyetu. Njia zile hazikunyooka, na nyumba hazikupangwa sambamba. Ukizipeleka kuta zote kwenye nukta moja ya kutokomea, yaani pale mistari yake inapokutana, utapata korido ya shule. Kila nyumba iliyogeuka kidogo ina nukta zake, moja huku, nyingine kule, ila zote zikae kwenye mstari ule ule wa macho. Shika hilo, kichochoro kitapinda bila ya kuyumba.

Na tumia baraza za nje kama kipimo. Watu wanazikalia, kwa hivyo urefu wake unajulikana: usawa wa goti hivi. Chora mhusika mdogo kwa penseli mbele ya kila baraza na kila mlango kabla hujatia rangi. Mlango ukimkataa, urekebishe mlango.

leyaTatu:
Kwa nini usijenge maboksi kwenye Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D, uweke kamera, uchape, halafu uchore juu yake? Unamaliza haraka.

penseliHB:
Ni njia halali, na kwa jengo lenye pembe nyingi inasaidia. Ila kwa kichochoro kimoja naona rula, pini na uzi vinatosha, na mkono wake utajifunza. Nukta zikitoka nje ya karatasi, bandika karatasi katikati ya meza, choma pini mbali pembeni, funga uzi na uvute. Kuta za juu unaweza kuzipinda unavyotaka, jicho linasamehe. Sakafu na chochote kinachoguswa na nyayo, hapo usijiachie.

leyaTatu:
Sawa, nakubali. Nyongeza: A3 ni milimita 420 kwa 297, lakini skrini yako ni 16 kwa 9. Weka fremu ya 420 kwa 236 kwanza, ndipo upime mstari. Na ukisoma gemu za zamani zilizochorwa kwa rangi kisha kuskaniwa, mfano King's Quest V ya mwaka 1990, kumbuka zilikuwa 320 kwa 200 ila skrini za wakati ule zilizionyesha kwa uwiano wa 4 kwa 3. Picha unazozikuta mtandaoni mara nyingi zimebonyea. Nyoosha kimo kutoka 200 hadi 240 ndipo upime, la sivyo vipimo utakavyochukua ni vya uongo.

brashi_namba6:
Nawashukuru sana wakuu. Nimeweka mstari 120 kwenye rasimu na mhusika sasa anakwenda vizuri hadi mwisho. Kimebaki kimoja: upande wa kulia kuna ngazi za kupanda zinazokwenda ndani. Akipanda anapungua upesi mno.

penseliHB:
Kwa sababu kwenye ngazi nyayo zinapanda kuliko anavyosogea mbali, ile hesabu ya sakafu haifai. Ngazi ziwe eneo la kutembea peke yake, lenye asilimia zake. Kwa kila ncha, ya chini na ya juu, shusha mstari wima kutoka kwenye kidato hadi sakafuni kama vile ngazi hazipo. Kimo cha mtu anayesimama hapo sakafuni ndicho cha aliye juu ya kidato. Kuhusu kuchora, kingo za pembeni za vidato zinakwenda kwenye nukta ya ukuta wa ngazi, lakini ule mstari wa mteremko unaogusa ncha za vidato unakwenda kwenye nukta iliyo wima juu ya hiyo. Ngazi za kushuka, nukta inakuwa chini yake.