Fundi katufungia maabara ya kompyuta Kigoma, nywila ya seva kaondoka nayo

Wakuu, nimechoka na leo nalisema lote. Nafundisha kompyuta sekondari moja hapa Kigoma mjini. Jina la shule naliacha, na la fundi vilevile, maana ninachotaka ni kazi ikamilike.

Wazazi walichanga. Wengi wao riziki yao ni dagaa wa Kibirizi au mawese, na walitoa. Fundi akaja kutoka Dar na seva moja, yaani kompyuta kuu, na mashine ndogo ishirini zisizo na diski, akafunga LTSP, programu ya kuwasha mashine nyingi kutoka seva moja, juu ya mfumo wa Ubuntu. Mpango wenyewe ni mzuri sana, sitaulaumu hata kidogo. Mashine ikiwashwa inaita kwenye waya ikiomba anwani, yaani namba ya kuitambulisha kwenye mtandao. Seva inaipa anwani na kuitajia faili la kuwakia, faili linashushwa kwa TFTP, njia nyepesi ya kutuma mafaili kwenye mtandao, mfumo uliobaki unafuata kutoka kwenye seva hiyohiyo. Ukirekebisha seva umerekebisha ishirini. Radi ikiunguza mashine moja, na radi za Kigoma mnazijua, kazi ya mwanafunzi iko salama kwenye seva.

Tulienda vizuri mpaka ofisi ilipoletewa intaneti, na ruta, kifaa kinacholeta intaneti, ikachomekwa kwenye swichi ileile inayounganisha nyaya za maabara. Kesho yake mashine tisa zikawaka, kumi na moja zikagoma na kuandika namba ya kosa, PXE-E53. Siku iliyofuata zikagoma nyingine kabisa. Watoto wakaanza kukimbilia viti.

Nikampigia fundi. Anasema, "Mwalimu, hizo mashine zimechoka. Nitumieni nauli ya ndege na posho ya siku tatu nije nizione."

Zimechoka? Zina miezi minne!

Ile namba nilimsomea kwenye simu mara mbili. PXE-E53 maana yake mashine imepata anwani lakini haikutajiwa jina la faili. Kwa hiyo kuna aliyeijibu, ila si seva yetu. Kama kusingekuwa na wa kujibu kabisa, ingeandika PXE-E51. Ni ruta na seva, zote mbili zinagawa anwani kwenye waya mmoja, na jibu la ruta likiwahi mashine inabaki inashangaa. Mtu anayelipwa kufunga mitambo hii alitakiwa alijue hilo kabla sijamaliza sentensi.

Na dawa yake haihitaji ndege. Unaiacha ruta igawe anwani, seva unaizuia isigawe, inabaki kuongezea taarifa za kuwakia tu. Programu iitwayo dnsmasq inafanya kazi hiyo, na LTSP ya sasa, ile iliyoandikwa upya mwaka 2019, inaipanga hivyo kwa amri moja: ltsp dnsmasq. Ningeiandika mwenyewe tangu siku ya kwanza. Siwezi, kwa sababu nywila ya msimamizi hakutuachia. Eti ni siri ya kampuni. Seva imenunuliwa na wazazi, LTSP ni programu huria isiyouzwa, siri ya kampuni inatoka wapi?

Bila nywila hiyo hata kidato cha kwanza siwezi kuwafungulia akaunti. Na angekuwepo wa kuwafungulia, lazima baadaye aendeshe ltsp initrd, amri inayoziandalia mashine orodha mpya ya akaunti, la sivyo mashine haziwatambui. Sasa wote wanaingia kwa akaunti moja. Wiki iliyopita binti mmoja alikuta jedwali alilolitengeneza kwa vipindi viwili limefutwa na mwenzake, akalia mbele yangu. Nilikosa la kumwambia.

Swichi nayo: mkataba unasema ya gigabiti moja kwa sekunde, iliyofungwa ni ya megabiti 100, moja ya kumi ya kasi hiyo. Hiyo ni kama megabaiti 12.5 kwa sekunde, na mashine ishirini zinagawana. Kipindi ni dakika 40, zinazidi kumi tunasubiri ziwake.

Najua mtaniambia niwashe seva kwa njia ya uokoaji nibadili nywila. Naiweza. Mkuu wa shule kakataa, kwa kuwa mkataba unasema tukigusa mfumo dhamana imekufa. Simlaumu, saini ni yake.

Kwa hiyo kabla ya kila kipindi nachomoa waya wa ruta. Mashine zote zinawaka. Ofisini intaneti inakatika, mhasibu ananijia juu mbele ya wanafunzi, na ana haki, naye ana kazi zake.

Fundi, kama unasoma hapa: tunadai nywila, karatasi yenye mipangilio yote uliyoweka, na swichi iliyoandikwa kwenye mkataba. Nauli hatutumi. Na wakuu mliowahi kubanwa na kipengele cha dhamana namna hii, mlitokaje? Nijibuni hapahapa nimpelekee mkuu.

Jumatatu saa mbili na nusu kidato cha pili wanaingia maabara. Waya nitauchomoa tena.